Forwili ya Kwenda kwa Mkwe

Mama yangu analala popote isipokuwa kwa mkwe. Kwetu mzazi halali chini ya paa la mume wa binti yake, hata mvua inyeshe mawe. Atakula, atacheka, atambeba mjukuu, lakini jua likianza kushuka anatafuta viatu vyake.

Waliotunga desturi hiyo waliwaoza binti zao Butali au Shianda, mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya chai ya jioni. Dada yangu mdogo, ambaye ni muuguzi, aliolewa na mwalimu wa kaskazini, mbele ya Marsabit, mahali ambapo lami imekwisha zamani na gesti ya karibu ni nusu siku kwa gari. Akajifungua mtoto wa kike. Mama alilia kwa furaha, kisha akalia kwa sababu hangeweza kwenda.

Nikamwambia desturi zinabadilika.

"Wewe ndiyo unabadilikanga," akasema. "Sisi hatulalangi kwa mkwe."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika ndipo napata akili. Kama hawezi kulala katika nyumba ya mtu, basi aende na yake. Fundi mmoja wa jua kali hapa Kakamega akanichomelea kinyumba juu ya trela: kitanda, dirisha lenye pazia, na rafu ya chupa yake ya chai. Kilikuwa kizuri mno. Shida ni kwamba gari langu dogo lingekivuta hadi Mukumu tu, na huko lingehitaji kulazwa hospitalini.

Nikaanza kutafuta forwili, gari linalosukumwa na magurudumu yote manne. Loo! Kumbe mji mzima ni wataalamu. Hata jirani ambaye hajawahi kumiliki baiskeli alinieleza habari za giaboksi kuanzia langoni hadi nikachoka kusimama. Mwishowe yakabaki mawili kwa dalali mmoja. La kwanza lilikuwa jeusi, linang'aa, viti vya ngozi, paa linalofunguka kwa kubonyeza. La pili lilikuwa jeupe, la dizeli, limebonyea ubavuni, nalo lilinuka mbuzi. Moyo wangu ulikwisha kuingia katika lile jeusi na kufunga mlango.

Dalali akakubali tuyajaribu yakiwa na mzigo. Mjomba wangu wa Shianda alikuwa na trela la miwa iliyokatwa asubuhi hiyo, nami nikaona hakuna uzani bora kuliko huo. Msomaji wa ukanda wa miwa ameshaanza kunicheka.

Tukalifunga trela kwenye lile jeusi. Nikaendesha polepole, dalali kando yangu akisifu. Tulipoanza mwinuko wa kutoka mtoni, injini iliguna, tukatambaa, nikatokwa jasho. Kisha gari likaanza kuwa jepesi, likazidi kuwa jepesi, hata tukafika juu kama tunaoenda harusini.

"Unaona, madam?" dalali akasema. "Hii injini ikishapata moto ndiyo inapatanga nguvu."

Nilishuka kulipongeza gari na nikakuta trela karibu tupu. Nyuma yetu barabara ilijaa wanafunzi waliotoka kwa chakula cha mchana, watu wa bodaboda, na mama mmoja aliyevaa sare ya kanisa, wote wanatafuna. Huku kwetu muwa unaopita polepole ni wa umma. Yule mama aliniinulia kipande chake. "Asante, dada! Gari ni mzuri!"

Nikamgeukia dalali. "Na kioo cha pembeni si ulikuwa nacho?"

"Sikutaka kukuvunja moyo, madam."

Safari ya pili tulijaza mchanga mbichi wa mtoni, maana mchanga hautafunwi, na mama yangu, aliyekuja kujionea mwenyewe, akasisitiza kupanda garini pia. Lile jeusi lilifika katikati ya mwinuko, likatoa harufu ya kitu kinachoungua, kisha likaanza kurudi nyuma huku mama akimwita Yesu. Lile jeupe lilitia gia yake nzito likapanda taratibu, bila kelele, hadi juu. Mama alikuwa amekumbatia mkoba wake.

"Hii," akasema.

Viti vya ngozi niliviomboleza kimoyomoyo hadi Isiolo. Lakini baada ya lami kuisha, tulipoingia kwenye mto mkavu na mchanga ukameza magurudumu nusu, nikatia gia ya magurudumu yote manne, gari likatoka na kinyumba kikicheza nyuma, sikuviwaza tena. Tulifika. Dada yangu alikuja mbio, mama akampokonya mtoto bila hata salamu. Shemeji alisimama mbali ameinamisha kichwa, kwani kwao pia mama mkwe hasogelewi ovyo. Nilimpenda hapo hapo.

Kesho yake nilitaka kufungua trela, niliache pale, niende nikaone Ziwa Turkana. Mama akakataa katakata.

"Ukifungua, imekuwa nyumba ya hapa, na mimi nimelala kwa mkwe. Ikishikana na gari, mimi bado niko njiani."

Basi gari nililolisaka kwa jasho lilikaa pale kama mwamba, siku zote za ziara, na ziwa sikuliona. Nilinuna. Wakati huo shemeji, mama akiwa kliniki na mtoto, alijenga kivuli cha mikeka kuzunguka kinyumba, akaondoka kabla mama hajarudi. Mama alikiona, akakishika kamba moja moja. Jioni ile alikaa chini yake na mjukuu mapajani mpaka mbu wakamfukuza.

Siku ya kuondoka niliwasha injini. Mama akapanda mbele, akafunga mkanda.

"Fungua," akasema.

"Nifungue nini?"

"Nyumba. Iache hapa."

"Na mambo ya kulala kwa mkwe?"

"Si ni nyumba yangu? Mtu akilala kwake, amelala kwa mkwe?" Akamtazama mjukuu kupitia dirishani. "Huyu mtoto nitarudi kumuona."

Mimi na shemeji tukafungua trela, tukaliegemeza vizuri chini ya kivuli chake. Nilipokanyaga mafuta forwili iliruka mbele kwa wepesi, na mama akanipiga begani niende polepole, kwa sababu dada yangu alikuwa bado ameuinua mkono wa mtoto, anatupungia nao.