Jinsi ya Kwenda Pwani Bila Kutoka Mbotela

Enzi zetu, mtoto wa mtaa wetu wa Mbotela, Nairobi, alikwenda pwani kwa miguu. Alimaliza chai yake, akapangusa mdomo kwa mkono, akavuka uwanja, na kabla jasho halijamtoka alikuwa amefika. Nawaandikia nyinyi wenzangu mliokuwapo, ambao sasa magoti yanawauma mkipanda ngazi, maana vijana nikiwasimulia wanatazamana kama kwamba bibi ameanza kuchanganyikiwa. Labda ni kweli. Siku hizi nachoka mapema, na mtu akichoka hukumbuka ovyo ovyo.

Pwani yetu ilikuwa kiwanja cha vumbi upande wa kuelekea mtaa wa Makongeni, na ilikuwapo siku za Idd tu. Mzee mmoja wa Changamwe aliyeitwa Bwana Shee alileta bembea zake kwa treni kutoka Mombasa, mbao na vyuma vikiwa vimefungwa kamba kwenye behewa la mizigo. Kwao alizisimamisha kando ya bahari, watu wakipunga upepo. Huku Nairobi aliwafuata jamaa zake waliohamia kikazi, akina Mama Rukia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Nyuma yake walikuja wauza mabuyu, wauza kashata, wauza achari ya embe na mama mmoja wa viazi karai ambaye ukwaju wake nikiufikiria mpaka leo mate yananijaa. Ndiyo maana uwanja ule tukauita Pwani. Bahari yenyewe wengi wetu tulikuwa tumeiona kwenye kalenda.

Basi kwa yeyote anayetaka kwenda, ingawa amechelewa miaka mingi, nampa maelekezo. Usivae viatu vya kanisani. Sisi Wakristo tulivaa nguo zetu za Krismasi siku ya Idd bila kuona haya, kama vile akina Rukia walivyovaa za Idd siku ya Krismasi, lakini viatu tuliviacha nyumbani kwa sababu vumbi la pale halikutoka hata kwa mafuta ya taa. Anza kwa Mama Rukia kula pilau, umwamkie "shikamoo" kwa sauti, maana akiona umeingia kimyakimya kama paka alikurudisha mlangoni uingie upya. Viazi karai uvile baada ya kupanda, usivile kabla. Kijana mmoja wa Makongeni, ambaye baba yake alikuwa fundi wa reli na kwa hiyo alijiona anajua mambo ya mashine, alivila kabla. Waliokuwa chini yake hawakumsahau.

Halafu uende kwenye gurudumu. Vile vibembea vidogo vya farasi tuliwaachia watoto wanaonyonya. Gurudumu la Bwana Shee lilikuwa la mbao, refu kuliko paa la nyumba yoyote ya estate, lina visanduku vinne vya kukalia, na halikuwa na injini. Lilisukumwa na vijana wawili wenye mikono ya kubeba magunia. Kwa sababu hiyo lilitaka mizani. Ukikaa mzito upande mmoja na mwepesi upande wa pili, linagoma au linashuka kwa kishindo. Bwana Shee alikuwa akikutazama mara moja tu, kisha anakutafutia mtu wa kukusawazishia uzito. Watoto wawili wembamba kwa mmoja mnene. Mwalimu kwa karani. Tulipokosa uzito tulikimbia kumwazima Mama Rukia, ambaye Mungu alimjalia mwili, naye alikuja akilalamika njia nzima kwamba amegeuzwa jiwe la mizani ya dukani. Akifika alipanda na kucheka kuliko sisi sote.

Ukishuka, wenzako walikuzunguka na kukuuliza, "Mazee, umeona bahari?" Nawe ulijibu kwamba umeiona. Ilikuwa lazima. Kule juu ulikuwa umeona mabati, kamba za nguo, reli, moshi wa viwandani na pengine kichwa cha mwalimu wako wa hesabu akipita na kikapu. Lakini aliyesema hakuiona tulimzomea mpaka kwao, na mwaka uliofuata alijua la kusema.

Mama yangu hakuwa mtu wa mambo hayo. Aliitwa Mama Mutua kwa jina la kaka yangu, alikuwa mwanachama wa akina mama wa kanisa, wale wa vitambaa vyeupe kichwani, na alifua nguo za watu mpaka vidole vikawa na mikunjo ya kudumu. Hata hivyo kila Idd alikuja Pwani. Alikuja alasiri, kazi zikiwa zimeisha, akasimama pembeni ya gurudumu akimsubiri Bwana Shee apate nafasi, kisha akamuuliza kitu kimoja. Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alihamia Mombasa kikazi, kwanza akawa anakuja kila mwisho wa mwezi, baadaye Krismasi tu, baadaye hata hizo Krismasi zikapita tukila wali bila yeye. Mama alitaka kujua kama yu hai.

Mtanicheka, lakini sisi watu wa estate tulidhani Mombasa ni kama Mbotela nyingine, kwamba ukitoka huko lazima umempita kila mtu akipiga mswaki mlangoni. Mama alimweleza Bwana Shee sura ya baba, mwanya wake, kovu la kidevuni na namna anavyotembea akiinamia upande mmoja. Na yule mzee, badala ya kumwambia kwamba mji una watu wengi, alimsikiliza mpaka mwisho na kusema, "Nitatazama, mama. Changamwe malori ndiko yanakolala." Mwaka uliofuata alisema bado. Na uliofuata, bado. Mama alishukuru, akanunua kashata za kutupelekea, akarudi kufua. Koti la baba lilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango na kila Jumamosi alilipiga brashi. Mimi lile koti lilinichosha. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa nimechoka kumwona akilipiga brashi.

Idd moja, mwaka ambao nilikuwa darasa la tatu, Bwana Shee hakungoja aulizwe. Alimwona mama akija, akamwachia kijana gurudumu, akamfuata. Mama Rukia alikuwa hapo na mimi nilikuwa nimeshika leso yake, nikitafuna mabuyu.

"Mama Mutua," akasema, "mumeo nimemwona."

Mama akasimama palepale.

"Nilikwenda mwenyewe nikaongea naye. Ni mzima. Ana nyumba pale Changamwe, ana mke, na mtoto wao ameanza kutembea. Nimemwambia watoto wake wa Nairobi wanamuuliza. Akasema nikusalimie."

"Ni mzima?" mama akauliza.

"Mzima kabisa."

"Mungu ashukuriwe," akasema mama, na akaendelea kusimama.

Ninyi mliozaliwa kule mnaelewa kwa nini hakuondoka. Angeenda wapi? Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja, na ndani walikuwamo Mutua na rafiki zake wakicheza karata. Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo. Choo kilikuwa cha watu wote na kila aliyekaa humo zaidi ya kawaida aligongewa. Kuta zenyewe, jirani akipiga chafya ulimwambia afya kutoka kitandani kwako. Hakukuwa na mahali ambapo mwanamke mzima angeweza kulia bila mtaa wote kujua kabla ya chakula cha jioni, na wale wa vitambaa vyeupe kuja kumwombea kwa sauti ya juu.

Bwana Shee akamtazama jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja wake. "Panda, mama," akasema.

"Mimi si mtoto, Bwana Shee."

"Panda, dada yangu," Mama Rukia akasema. "Mimi nakaa upande wa pili nikusawazishie uzito. Hawa watoto wamenizoea."

Sijui mama alikubali vipi. Labda alichoka hata kubisha. Aliingia katika kisanduku, akakunja gauni katikati ya magoti, na Mama Rukia akajibana katika kile cha kumkabili. Wale vijana wakasukuma polepole. Mama alipofika kule juu kabisa, Mama Rukia akiwa chini, Bwana Shee alichukua gogo akalipenyeza kwenye gurudumu na kutangaza kwamba limekwama.

Tulipiga kelele, tukitaka zamu zetu. Bwana Shee alileta kopo la grisi, akapaka hapa, akagonga pale, akamtuma kijana akatafute spana, na kijana alipoileta akamwambia hiyo si yenyewe. Mtu mmoja akapendekeza Mama Rukia ashuke ili kupunguza uzito. "Nikishuka mimi, yule wa juu ataanguka," Mama Rukia akamjibu, akabaki palepale, miguu ikimfa ganzi, akitusimulia hadithi ndefu ya mbuzi wa mjomba wake ili tusitazame juu. Mimi nilitazama. Niliona soli za viatu vya mama na mabega yake, na mabega yalikuwa yakitikisika. Maneno yote ya Bwana Shee nilikuwa nimeyasikia na sikuyaelewa hata nusu, lakini mabuyu yangu yaliyobaki nikampa mtoto wa pembeni.

Baada ya muda sauti yake ikaja kutoka juu, ya kawaida kabisa. "Bwana Shee, nadhani sasa litazunguka." Naye akachomoa gogo.

Watoto walimzunguka kama walivyomzunguka mtu yeyote. "Mama Mutua, umeona bahari?"

"Nimeiona," akasema, huku macho yamevimba. "Ni mbali sana."

Wakamshangilia. Kesho yake akalifumua lile koti, akampunguzia Mutua, likamkaa vizuri. Hakumuuliza tena Bwana Shee kitu, na baba hakurudi. Mambo ya gogo nilikuja kuambiwa na Mama Rukia siku niliyoolewa, tukimenya vitunguu, na sote wawili tukasingizia vitunguu.

Juzi niliwapeleka wajukuu kwenye gurudumu la siku hizi, lile la kwenye maduka makubwa. Linakwenda kwa umeme, halijali nani mzito nani mwepesi, na kila mtu anafungwa mkanda. Mjukuu wangu aliposhuka nikamuuliza ameona nini huko juu. "Sijaangalia, shosho, nilikuwa narekodi." Zamu ya kila mtu ni sawasawa, kengele inalia, unashushwa. Siwalaumu. Wana vyumba vyao vya kulala, wana milango ya kufunga, wana kila kitu tulichokosa, na habari yoyote wanaipata papo hapo inapotokea, hata wakiwa msalani. Mume angetoroka leo wangemwona na huyo mke mpya kwenye simu kabla hajamaliza kula biriani ya harusi.

Mama alifariki mwaka jana, hospitalini, asubuhi, wakati mimi nimekwenda kununua vitu vya nyumbani. Mutua alinitumia ujumbe. Nilikuwa katika foleni ya kulipa, nimeshika unga na sabuni, simu ikatetemeka, nikausoma. Nyuma yangu kulikuwa na kijana mwenye vitu masikioni akitikisa kichwa. Mbele yangu hakukuwa na mtu tena, zamu yangu ilikuwa imefika. Msichana wa kaunta akaniuliza kama nina kadi ya pointi. Nikamwambia sina. Akaniuliza kama nataka mfuko. Nikamwambia nitabeba tu.