Nilivyoshuhudia Uponyaji Buhongwa

Kichwa kilinisumbua tangu masika, upande mmoja, mpaka nikashindwa kufundisha. Mama mkwe wangu akavuka kwa kivuko kutoka Kamanga, akanisindikiza Buhongwa kwa tabibu wa Kichina anayetibu kwa sindano. Mimi sindano naziogopa kuliko hayo maumivu, ila mbele ya mkwe ningesema nini?

Tabibu, mama mmoja mpole, alinilaza, akanigusagusa paji la uso kwa vidole vyepesi, akasema, "Tulia, narudi." Nikafumba macho nikisubiri kuchomwa, usingizi ukanichukua. Nilipozinduka, maumivu hayapo. Kichwa kilikuwa kimetulia kama ziwa kabla ya upepo. Machozi yalinitoka.

Nikaenda hadi walipokaa wagonjwa wengine. "Ndugu zangu," nikawaambia, "huyu mama wala hatumii sindano. Amenigusa tu, nimepona."

Wote waligeuka wakanitazama. Nikajua wameguswa, nikaendelea kushuhudia.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima huwa hanitazami usoni, safari hii alinikazia macho.

"Baba," akasema taratibu, "usijishike uso. Hizo sindano zinatikisika kila unapoongea."