Tope Ile Tuliyotupa

Siku ile saa nane mutoto wangu angesimama mbele ya walimu watatu, na mwenye kazi nzuri ndiye angepata nafasi ya kusoma siyanse Kisangani. Kazi yenyewe: kupanga safari ya mashini, bila mutu ndani, iende sayari ya Mars kutafuta alama za uhai wa zamani. Mashini ingechimba mara moja tu.

Penye kuchimba, ni miye nilimuonyesha. Sikumaliza hata masomo ya primere, lakini nilichimba dhahabu miaka mingi ngambo ya Fataki; muto wa zamani naujua hata kama maji ilihama. Nilimuambia: «Fuata changarawe, mpaka chini ya ukuta wa mulima.» Akaweka alama pale kwenye karte, ile ramani ya Mars.

Siku yenyewe, saa saba, akaangalia ile alama, kisha akaniangalia. «Papa, baba mudogo alikufa chini ya ukuta kama huu?»

Miaka yote nilisemaka alikufa na malaria.

«Ndiyo. Tuliona ufa juu. Mwenye shimo, ule tunaitaka PDG, akasema: "Wanawake ndio wanaogopa udongo. Ingieni!" Mukaguzi alikuja, akakula kuku, akasema shimo iko muzuri. Na miye nikamusukuma mudogo wangu: ingia, usitupatishe haya. Nikabaki inje natupa tope, mpaka ukuta ukamuangukia. Siye watatu ndio tulimuua.»

Akaweka kalamu chini. Kisha: «Tope gani?»

«Nyeusi, laini, iko na alama za majani ya zamani sana. Haina dhahabu, tunatupaka.»

Akaruka. «Papa! Dhahabu ni nzito, inabaki na changarawe. Majani ni nyepesi, maji inaibeba mpaka penye inachoka. Miye natafuta kitu nyepesi kama ile majani! Umenituma kwa kitu yako weye, dhahabu!»

«Basi futa!»

Alifuta mpaka karatasi karibu itoboke. Akahamisha alama mbali na ukuta, penye muto ulimwaga tope yake. Ilikuwa saa saba na nusu.

Nilisimama karibu na dirisha la darasa. Mwalimu mumoja akamukatiza kwa ukali: «Wenzako wote wamechagua ukuta. Weye unakimbia nini?»

Akaweka kidole kwenye alama yake. Nikashika chuma cha dirisha.

«Tope ndiyo inaweka kitu kilikuwa hai,» akasema. «Na ukuta unaanguka. Baba yangu mudogo iko chini ya mumoja.»

Nafasi aliipata. PDG angali anapita hapa Rwambuzi na pikipiki, ananisalimia. Zamani nilikuwa najibu.