Mgeni Aliyekuja Kudai Kioo

Wengi nikiwasimulia kisa hiki hucheka, halafu hutaka kuja nyumbani kuwaona samaki. Wakishawaona hawacheki tena. Basi na wewe cheka sasa, umalize, kisha unisikilize, maana haya yalinitokea mimi mwenyewe nikiwa macho, akili timamu, hapa hapa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg, mwaka wa 2019.

Mimi ni mtu wa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika. Johannesburg nafanya kazi ya ulinzi, kwenye nyumba za matajiri kule Midrand. Mmoja wao alikuwa anahama nchi, akanipa tanki lake la samaki wa baharini: maji ya chumvi, mawe ya matumbawe, taa, pampu, na samaki wenyewe ndani ya ndoo. Alinipa kwa sababu kila nikiwa zamu alinikuta nimeganda dirishani kwake, naangalia. Nilipofika nalo nyumbani, mke wangu Sifa alinipokea mlangoni mikono kiunoni. Akasema, "Wenzako wanaleta sofa, wewe unaleta bahari."

Samaki wale ni jamii ya pono wadogo wa miambani. Wembamba, na rangi zao sijui nikuelezeje. Yuko mmoja wa manjano mtupu, taa zikizimwa anajifukia mchangani kichwa kwanza, asubuhi anachomoka kama hakuna kilichotokea. Yuko wa kijani mwenye michirizi ya waridi usoni. Na yuko mwekundu kama pilipili, pezi la mgongoni zambarau, dume. Uzuri wote huo, lakini roho zao mbaya. Dume akishajitawaza hataki kuona dume mwenzake. Huyu nilimwita Jenerali, na sisi Wakongo majenerali tunawajua.

Kosa langu nilimwongezea mwenzake. Mzee mmoja Mreno mwenye duka la samaki aliniuzia jike wa aina ile ile, mimi nikijua jike na dume watapatana. Kumbe samaki hawa huzaliwa majike, na jike akikua mkubwa huweza kugeuka dume. Yule wangu alikuwa njiani kugeuka, na Jenerali aliliona hilo kabla yangu. Alimfukuza mgeni mpaka mapezi yakachanika. Maskini akawa anajibana nyuma ya pampu, hali chakula, na ilibidi nifunike tanki kwa wavu kwa sababu alikuwa anataka kuruka nje afe sakafuni. Nilirudi kwa Mreno nimekasirika. Akaniambia nisimamishe kioo cha kujitazamia nje ya tanki. Jenerali ataona dume mwingine mle, atashinda akitunishiana naye misuli, na mgeni atapata nafasi ya kula. Wafugaji wengi wanafanya hivyo, siyo uchawi.

Basi nikapita Jeppestown, kwa wale wanaotandaza vitu vilivyotumika kando ya barabara, nikanunua kioo cha mviringo chenye mpini wa shaba. Nikakifunga kwenye tanki kwa utepe. Sifa alipokiona alisimama. "Kioo kando ya maji? Sheri, mume wangu, umesahau unakotoka?"

Labda wewe si wa kwetu, nikueleze. Kwetu kila mtoto anajua habari za Mamba Muntu, mwanamke wa majini, juu mtu na chini samaki, anayekaa mwambani akichana nywele. Akisahau kioo chake ukakiokota, atakuja kukidai, hata akiwa na miguu ya kuazima. Atakuuliza unataka nini. Ukitaja utapewa, na siku moja naye atakuja kuchukua cha kwake, bila kukwambia ni kipi. Kanisani kwetu watu walikuwa tayari wananong'ona: mlinzi gani huyu anafuga samaki wa matajiri, lazima anaye wake mle majini. Mimi nilikuwa nacheka tu. Eish, watu wana muda.

Lakini kuna jambo la nyumba yetu ambalo lazima ulijue. Tulikuwa mwaka wa saba wa ndoa na hatujapata mtoto. Sifa ni msusi, anasuka wateja pale pale sebuleni, na wateja huja na watoto wao. Huwabeba, huwasuka, huwarudisha kwa mama zao. Kwetu mwanamke mzima huitwa Mama kwa heshima, basi wote humwita Mama Sifa. Siku moja mteja mpya kutoka Tanzania, hana habari, akamuuliza, "Na Sifa yuko darasa la ngapi?" Mke wangu alimaliza kumsuka, akampokea pesa, akamsindikiza mpaka getini. Kisha akaingia chumbani akalala bila kula. Kila Jumatano jioni alikuwa anakwenda kanisani kwenye maombi ya wanawake wanaotafuta mtoto.

Ilikuwa Jumatano. Sifa ameshakwenda, giza linaingia, na umeme ukakatwa, maana mwaka ule umeme ulikuwa unakatwa kwa zamu mji mzima. Pampu ikizima maji hayana hewa, samaki wanaanza kuhema. Nikaegemeza simu ukutani inimulikie, nikachukua jagi, nikawa nachota maji na kuyamwaga tena kutoka juu. Unachota, unamwaga. Mkono ulikuwa umeanza kuuma niliposikia mtu anasema hodi, naye yuko tayari ndani.

Mwanamke wa makamo, mnene kiasi, gauni la kawaida, kitambaa kichwani. Hakuna cha kutisha, niamini. Kilichonishtua ni kwamba mbwa wa mwenye nyumba hawakubweka, na hao humbwekea hata pasta.

"Mama Sifa yuko?" akauliza.

"Yuko kanisani, mama. Unataka kusuka?"

"Nitangoja kidogo." Akaketi kwenye kiti cha wateja. Kiswahili chake kilikuwa cha Kalemie, kile cha kina bibi zetu, kinachovuta maneno taratibu. Nikaendelea kuchota. Naye akaniangalia, kisha akasema kwa upole, "Jenerali wako anajichosha bure. Yule mwingine hataki ufalme, anataka kula tu."

Jina lile tulikuwa tunalitaja mimi na mke wangu peke yetu. Nikajisemea, wateja huambiwa mengi wakisukwa. Mtu akiogopa hujitafutia maelezo, si ndiyo?

Akainuka, akasogeza wavu, akatia mkono majini hadi kiwikoni. Jenerali, ambaye mimi nikitia kidole ananigonga, alikuja akajilaza ubavu kwenye kiganja chake. Alikaa hivyo, anapumua. Kisha yule mama akautoa mkono. Ulikuwa mkavu. Niliumulika kwa simu, na mkono ulikuwa mkavu kama umetoka mfukoni.

"Kioo hiki ni changu," akasema. "Nimekitafuta siku nyingi. Nirudishie, kisha uniambie unataka nini."

Wewe ungefanyaje? Kichwa changu kilikuwa safi kabisa, na ndani ya kichwa kulikuwa na neno moja tu. Mtoto. Lilikuwa limeshafika mdomoni. Saa ile ile mke wangu alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya kanisa analiomba neno hilo hilo.

Nikalimeza. Nilikumbuka ninayoyajua tangu utotoni: anachotoa hukifuata. Mtoto atakayetolewa na yule atakuwa wa nani? Nitamlea, nitampenda, halafu jioni moja mtu atasema hodi akiwa tayari ndani? Na kama siyo mtoto atakayechukuliwa, je akiwa ni Sifa? Nikatafuta kitu kidogo kuliko vyote, kitu ambacho hata kikija kudaiwa sitalia. Macho yangu yakaangukia tanki.

"Nataka samaki hawa waache kugombana," nikasema.

Akanitazama muda mrefu. Nadhani alinionea huruma. "Hilo tu?"

"Hilo tu, mama."

Akabandua utepe polepole, akafuta kioo kwa gauni lake, akatoka. Nilipomfuata, geti lilikuwa na kufuli lake na mbwa walikuwa wamelala.

Umeme uliporudi nikatazama tanki. Yule samaki mgeni alikuwa ametoka nyuma ya pampu, anakula. Jenerali yuko pembeni yake, ametulia. Mpaka leo ndivyo walivyo. Madume wawili wa aina moja, tanki moja dogo, wanalala chini ya jiwe moja. Nikitia chakula wanangojeana. Muulize yeyote anayefuga samaki hawa akwambie kama hilo linawezekana. Mzee Mreno alikuja akawaangalia, akajifanyia ishara ya msalaba, akaondoka bila kunywa kahawa aliyotengewa.

Usiku ule Sifa aliporudi nilimweleza yote. Nilidhani atapiga kelele, atamwita pasta. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti kile kile cha wateja, mkoba bado begani.

"Alikuuliza unataka nini," akasema.

"Ndiyo."

"Na ukamwambia samaki."

Nikamweleza sababu. Nikamweleza hofu yangu yote, nikamwambia ningewezaje kumweka yeye rehani. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, sauti ya kawaida kabisa, "Ungeniuliza. Mimi ningekubali. Hata kama ni mimi angekuja kunichukua, ningekubali."

Sijui kama nilikosea. Nakwambia kweli, yule mama akija tena leo nadhani nitaogopa vile vile. Nampenda mke wangu, na ninaye bado, anapumua, anacheka na wateja. Ila kanisani siku za Jumatano haendi tena. Umeme ukikatwa anavaa vizuri, anafungua mlango, anakaa karibu na tanki na jagi mkononi, na mimi ananiambia nikatembee kidogo. Natembea. Nazunguka mtaa mpaka taa za barabarani ziwake. Nikirudi ananitazama, anatikisa kichwa kwamba hakuna aliyekuja, halafu tunapasha chakula.

Kwa hiyo wewe unayesikiliza, siku ukiulizwa swali lile, na yeyote aulizaye, usijibu peke yako. Usijione una akili. Mwambie mgeni angoje, mwambie mkeo yuko njiani anarudi. Na akikataa kungoja, mwache aende na kioo chake. Utalala usiku ule mikono mitupu, lakini mtakuwa wawili.