Nyimbo Zisizo na Pa Kumwita Mtu

Mwaka ule sikuweza kukaa kitako. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, naishi na wazazi pale mtaa wa Mbotela, jijini, na kila kitu nilikiona kimepitwa na wakati: mapazia, redio, hata gita nililofundishwa na baba. Baba alikuwa dereva wa lori. Jumapili alikaa mlangoni akipiga nyimbo za Ukambani, majirani wakisogeza viti. Mimi nilitamani ukuta upasuke nitoke.

Basi tukaunda bendi, vijana wanne, mimi nikiimba na kupiga gita, tukawa wapiga kopi. Ndivyo tulivyoiita kazi ya kuiga nyimbo za Amerika kutoka kwenye santuri. Tuliziiga zilivyo, kikohozi cha mwimbaji na yote. Na kwa kuwa santuri nyingi huishia kwa sauti kufifia, sisi nasi tulimaliza hivyo hivyo: tunaendelea kupiga huku mwenzetu wa besi akipunguza sauti ya amplifaya taratibu, magita na maikrofoni pamoja, hadi kimya. Leo nacheka. Wakati ule tuliona huo ndio ustaarabu wenyewe, na aliyenitajia methali ya mwacha mila nilimhesabu adui.

Dada yangu alipokuwa anaolewa, mama alitaka tupige sisi kwenye sherehe, katika ukumbi wa mtaa. Siku chache kabla, akanishika mkono jikoni.

"Utaniita?"

Kwetu mwanamuziki huita watu. Katikati ya wimbo magita hubaki peke yake, mwimbaji akamsalimu binti wa fulani, wa kijiji fulani, naye huinuka akacheza hadi mbele, jamaa zake nyuma. Mama asiyeitwa kwenye harusi ya mwanawe huaibika. Na wangu alikuwa amewaita dada zake watatu waje kwa basi kutoka kwao, wajisikilizie wenyewe.

"Mama, nyimbo zetu hazina pa kumwita mtu."

"Zina maneno?"

"Zina."

"Basi ongeza langu."

Nikasema nitaona. Nilisema hivyo ili aniache. Yule wa besi alikuwa ameshanionya: "Usituletee mambo ya ushago pale, bwana. Pale si kijijini. Tutachekwa." Nilikubaliana naye kabisa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Alasiri ya harusi tulivaa suruali za bugaluu, pana miguuni, tukapiga. Vijana walijaa mbele, wakapuliza miluzi. Mama na dada zake walisimama katikati ya ukumbi, leso mpya viunoni. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili, wa tano. Kila nilipotazama, mama alikuwa ametanguliza mguu mmoja, tayari. Nilimkasirikia. Kwa nini hakai? Kisha hasira ikanigeukia mwenyewe.

Katika wimbo wa mwisho nilitafuta upenyo. Haukuwepo. Ubeti uliingia juu ya kiitikio, ngoma ikienda kama cherehani, na mimi nikibabaika kama mtu anayejaribu kuvuka Jogoo Road. Mwishowe nikayakatiza maneno ya wimbo, nikamwita: jina lake, la babake, la kijiji chao. Lakini mwenzangu alikuwa ameshaanza kupunguza sauti. Miluzi ikameza kilichobaki, kisha ukumbi wote ukatulia.

Mama hakuwa amesikia kitu. Aliona mdomo wangu tu. Akawageukia dada zake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Tumeitwa. Twendeni."

Vijana wakapisha. Wakaja wanne, wakicheza kwa mabega, wakijipigia makofi wenyewe. Yule wa besi akaninong'oneza, "Tunapiga gani sasa?" Nikazitafuta nyimbo za baba. Vidole vilikwenda kwenye nyuzi, vikaleta za Amerika, nikavisimamisha. Mama akafika chini ya jukwaa, bado anacheza, akinitazama, akingoja nianze.