Pilau ya Kumzuia Winga

Asubuhi ya mechi ya chuo wanachosoma vijana wetu, sisi mashabiki tulibishana nyumbani kwangu Saltley, huku ughaibuni: winga hatari wa wapinzani tutamzuiaje? Mmoja akasema akabwe na watu wawili. Nikamfokea aache upuuzi. Yule ni mtoto wa Unguja kama sisi, dawa yake pilau. Ashibe, tuone atakimbiaje!

Nikampigia simu, akaja. Nikawaita na mabeki wetu wawili, maana ni aibu mgeni kula peke yake. Yeye alikula matonge matatu, akashukuru, akanawa. Mabeki wetu wakamaliza sinia.

Alitufunga manne. Mechi ilipokwisha akanifuata, jasho likimtiririka.

"Ami, ukoko umebaki?"