Ndizi, Maji na Landlord wa Kawangware

Asubuhi ile msichana wangu alikula ndizi mpaka akaanza kunitazama kama adui.

"Mathe, zimefika hapa," akasema, kidole shingoni.

Nikamenya nyingine. Mwaka uliopita jeshi lilimrudisha nyumbani kwa sababu ya mizani. Mbio alizimaliza, meno yote yapo, nyayo ziko sawa, ila kilo zilikataa. Kwa hivyo safari hii majirani wote wa plot yetu hapa Gatwekera, Kibera, walijiingiza. Jirani yangu soja, anayelinda geti Nyayo Highrise na kujiona jenerali, alisimama mlangoni na jagi la maji.

"Kunywa. Na usikojoe mpaka upimwe. Hivyo ndivyo watu huingia jeshi."

Kitambulisho alikichukulia Kawangware, tulikokuwa tukiishi, kwa hivyo ni huko alitakiwa kwenda kuandikwa. Tulienda kwa miguu, tumbo lake likipiga chubwi chubwi, soja nyuma akimkataza kucheka maji yasimwagike. Nikacheka kwa niaba yake.

Kawangware mimi siipendi, na wa kulaumiwa namtaja: landlord wetu wa zamani. Jina lake siliweki, lakini akisoma atajijua. Mume wangu hajamaliza wiki kaburini, mtu huyo aling'oa mlango wa nyumba yangu, akaubeba begani yeye mwenyewe, akasema wa Kitui warudi Kitui. Wa pili ni naibu wa chifu. Aliangalia mlango ukienda zake, akaniambia nisilete fujo. Shule niliachia darasa la sita, lakini watu wawili kama hao si lazima usome ndio uwaelewe.

Na tunamkuta nani uwanjani? Hao hao. Landlord na kofia yake, amemleta mpwa wake wa kike, na naibu wa chifu amesimama kando kama mwavuli.

Afande wa jeshi anayeandikisha akatangaza kwamba nafasi ya msichana hapo ni moja tu. Halafu akasema, "Leo tunaanza na mbio, mizani baadaye."

Soja akashika kichwa. "Ndizi!"

Wakaachiliwa. Mzunguko wa kwanza msichana wangu alikuwa wa mwisho, ameshika tumbo kama mama mjamzito. Mzunguko wa pili akajificha nyuma ya goli, akatapika kila kitu, akapangusa mdomo, halafu jamani! Aliwapita wote. Nilipiga kelele mpaka leso ikaanguka. Mpwa wa landlord akafuata wa pili, na alikimbia vizuri, yeye sina ubaya naye.

Lakini nikiangalia lile tumbo, limelala kabisa. Na mizani inatolewa kwenye gari.

Hapo landlord akainua mkono. "Afande, huyo si wa hapa. Huyo ni wa Kibera. Watoto wa wenyeji wataenda wapi?"

"Mimi simjui," akadakia naibu wa chifu. Na karatasi za hicho kitambulisho ni yeye alizipigia muhuri!

"Wenyeji gani?" fundi mmoja wa Machakos akapaza sauti. "Hizo plot zako tulijenga sisi!"

"Kila mwaka wanaochukuliwa ni wa nyumba ile ile!" mama wa mboga naye.

Afande akamgeukia msichana. "Wewe ni kabila gani?"

"Baba Kakamega, mama Kitui, afande. Nikienda Kakamega naitwa Mkamba. Nikienda Kitui naitwa Mluhya."

"Tumeambiwa tuchukue kila kabila," afande akasema. "Huyu amekuja na mawili."

Uwanja ukavunjika mbavu. Landlord akakasirika, akaanza habari za babu yake na shamba lilivyokuwa kabla ya mtu yeyote kufika. Nikatupa macho kando. Msichana wangu alikuwa ameinama kwenye bomba la mfereji, anakunywa, na soja kwa mbali anampigia ishara: ongeza, ongeza.

Sijawahi kumwombea landlord huyo maneno marefu maishani. Siku hiyo nilimwombea. Na alipoanza kupunguza, nikamchokoza mwenyewe.

"Mwambie afande vile ulibeba mlango wangu!"

"Niliubeba kwa sababu..." Akaanza upya. Akaeleza bawaba, akaeleza mbao, akaeleza ukaidi wa wajane. Watu wakamzomea, akaeleza kwa sauti zaidi. Mfereji unamwagika tu.

"Basi, inatosha!" afande akakata. "Mizani!"

Msichana alitembea polepole kama aliyebeba beseni kichwani. Akapanda. Mshale ukacheza, ukarudi, ukapanda tena, ukatulia.

"Imetosha," afande akasema, akamwandikia namba mkononi kwa kalamu nene. "Karibu jeshini."

"Asante, afande. Choo kiko wapi?"

Alichomoka kwa kasi ambayo kwenye mbio hakuionyesha. Mimi na soja tulikumbatiana, tukaanguka nyasini tukicheka. Landlord alikuwa bado anamweleza naibu wa chifu habari za babu yake.